Maji ya Moto kwa Jina Moja

“Zamelina ni jina la watu gani?”

Mwalimu wetu wa darasa la tatu aliniuliza hivyo mbele ya wote, siku ya somo la majina. Kila mtoto alisimama, akataja jina lake la nyumbani na maana yake. Mmoja alizaliwa njiani, mmoja alifuata mapacha, mmoja alirithi jina la babu aliyekuwa na ng'ombe wengi kuliko jirani zake. Kwetu Bunia jina la ubatizo halisemi kitu. Jeanne anaweza kuwa mtoto wa yeyote. Ni lile jina la pili linalosema baba yako ametoka kilima gani na mama yako anatumia lugha gani akikasirika. Mimi mahali pa jina hilo niliandikiwa Zamelina. Nilisimama, nikasema sijui, nikakaa.

“Haujue jina yako mwenyewe?” mwalimu akasema.

Darasa likacheka. Waliocheka kwa sauti ya chini kabisa walikuwa wasichana watatu wa madawati ya nyuma, maana nao waliitwa Zamelina na zamu yao ilikuwa inakuja.

Sote wanne tulikuwa tumelipata kwa mtu mmoja. Hakuwa shangazi wala bibi wa yeyote kati yetu. Alikuwa mwanamke aliyeuza maji ya moto kwenye lango la materniti, hospitali ya kujifungulia ya kartie yetu, yaani mtaa wetu, na watu walimwita Mama wa Maji ya Moto, basi. Nilimjua kwa zaidi ya miaka ishirini, na sehemu kubwa ya miaka hiyo nilimdharau. Mwaka jana niliamua kuliacha jina alilonipa, kisheria, mbele ya tribinali, yaani mahakama. Ili niliache nilihitaji vitu viwili kutoka kwake: asili ya kweli ya jina, na alama ya kidole chake. Kidole nilijua nitakipata. Ukweli ndio sikuwa na hakika kama alikuwa nao.

Nianze na kazi yake, kwa sababu kazi ile ndiyo iliyompa nguvu juu ya watu. Mwanamke akijifungua kwetu anakandwa asubuhi na jioni, siku saba kwa uchache: kitambaa kinachovywa katika maji ya moto, kinakamuliwa, kinabanwa tumboni mpaka mzazi apige kelele. Materniti ilikuwa na bomba lakini haikuwa na moto. Waliokaa karibu waliletewa maji katika termosi. Waliotoka mbali, waliokuja na pikipiki kutoka machimbo ya Nizi au juu ya lori kutoka Fataki, walimtegemea yeye. Alikuwa na mbabula mbili, yale majiko madogo ya makala, yaani makaa, sufuria tatu nyeusi zisizo na vifuniko, na bido, yale madumu ya njano, zilizopangwa kando ya ukuta. Alivaa koti la mwanaume juu ya kitenge, jua likiwaka, mvua ikinyesha. Joto la maji alilipima kwa kiwiko. Sikumbuki kumwona amekaa. Kila nikipita pale nilimkuta ameinama.

Masharti yake yalijulikana mtaani kote. Ukizaa wa kiume, unalipa. Ukizaa wa kike ukampa jina ulilolitaka wewe, unalipa. Ukizaa wa kike ukamwita Zamelina, maji ni bure siku zote saba, na anayekukanda ni yeye mwenyewe, kwa mikono yake.

Asiyetoka kwetu huenda asione ubaya wa jambo hilo. Kwetu mtoto aliyepewa jina lako anakuwa majina wako. Mnaitana hivyo, “majina,” mpaka mmoja afe. Akifaulu shuleni unakuja kushangilia, akiolewa unakaa mahali pa mbele, ukifa anatembea karibu na jeneza. Mtu hupata majina mmoja au wawili maisha yake yote, na huwapata kwa sababu wazazi fulani walimpenda, wakamheshimu, wakaja wenyewe kumwambia. Haombi. Huyu aliomba. Na aliomba wakati mwanamke amelala, tumbo linamuuma, mtoto analia, kwao ni mbali, na mvuke unapanda kutoka katika sufuria. Nani angesema hapana?

Muuguzi mkuu alimchukia, na kwa hilo nilimwona muuguzi mkuu kuwa mtu mwenye akili. Siku moja nilipokuwa na miaka kama kumi nilisimama langoni nikasikia wanavyojibizana.

“Mama, weye unauzisha maji ao unauzisha majina?”

“Maji ninauzisha. Jina ninatoa bure.”

“Juzi tena umeingia mu sale yangu ya bazazi na ile koti yako chafu.”

“Koti ilibaki inje. Niliingia na mikono.”

“Bamama banakuja hapa na majina yao tayari, bababu bao bamechagua. Weye unayageuza. Unapata faida gani?”

“Faida?” Akachovya kiwiko katika sufuria. “Unaona hii makala? Unaona kama mutu wa faida anapuliza makala tangu asubuhi?”

Hakujibu swali. Nilikuja kugundua kwamba hiyo ndiyo ilikuwa sanaa yake kubwa kupita kukanda.

Jioni ya lile somo la majina nilikwenda langoni moja kwa moja, begi bado mgongoni.

“Mama, Zamelina maana yake nini?”

“Ah, majina! Umekula?”

“Mwalimu anauliza.”

“Mwambie iko jina ya malkia.”

“Malkia wa wapi?”

“Weye mutoto unauliza kama polisi. Malkia wa kule.” Akaelekeza kidole upande wa Komanda, ambako sijasikia ameishi malkia yeyote, wanaoishi huko ni madereva wa lori, watengeneza mapancha na wachoma nyama.

Kesho yake nikamwambia mwalimu: malkia. Zamelina wa dawati la nyuma, mtoto wa mkulima wa viazi, akainua mkono akasema hapana, yeye ameambiwa ni mvua ya kwanza baada ya kiangazi. Wa tatu, mtoto wa fundi cherehani, akasema ni nyota. Wa nne akalia. Mwalimu akafuta ubao.

Tangu siku hiyo nilianza kukusanya. Nilikuwa na daftari, na kila nilipokutana na Zamelina mpya, au mama yake, niliuliza. Mke wa mchimbaji Mwislamu kutoka Nizi aliambiwa kwamba Zamelina alikuwa mwanamke mcha Mungu aliyeishi kisiwani, akisoma Kurani tangu alfajiri. Mama wa kanisa la kilokole aliambiwa jina liko katika Biblia, na alipouliza kitabu gani, akajibiwa, “Tafuta katikati ya Waamuzi na Ruti.” Katikati ya Waamuzi na Ruti, katika Biblia ya mama yangu, kuna ukingo mweupe wa karatasi. Familia moja ya wafugaji iliambiwa kwamba Zamelina ni ng'ombe jike asiyepotea, ambaye wengine humfuata kurudi zizini. Yule mkulima wa viazi, aliyetoka Fataki, ndiye aliyeuziwa mvua, maana mvua ndiyo aliyokuwa akiitaka. Alimtazama mtu usoni, akajua anatamani nini, akalivika jina nguo hiyo. Mtu akifanya hivyo kwa dawa za kienyeji tunamwita tapeli.

Na yeye mwenyewe alisali wapi? Kila mahali. Asubuhi ya Jumapili alikuwa katika misa, mchana nilimwona akipiga makofi na walokole, na mwezi wa Ramadhani jioni alipeleka bido ya maji ya moto kwa wake wa wachimbaji Waislamu, akabaki akala nao tende. Nilimuuliza kama anaamini yote hayo.

“Ninaamini bale batu,” alisema. Sikuandika. Nilihesabu kuwa ni njia nyingine ya kukwepa.

Jinsi alivyokuwa majina ilikuwa aibu tupu. Siku ya kutangaza matokeo shuleni wazazi husimama uani, wamevaa vizuri, wakingoja majina yasomwe. Yeye alifika na koti lake, ananuka moshi, na kila liliposomwa “Zamelina” alipiga kelele.

“Huyu njo majina yangu! Mumuone! Mumuone huyu!”

Haikumhusu kama Zamelina huyo alifaulu au alianguka. Mwaka mmoja Zamelina wa fundi alianguka vibaya, akawa anajificha nyuma ya choo, na bado yule mama alipiga vigelegele mpaka mkuu wa shule akamwomba anyamaze. Zawadi yake ilikuwa ileile kila mwaka: nusu ya kipande cha sabuni, kimekatwa kwa uzi, kimefungwa katika karatasi ya daftari. Nusu nyingine ilikwenda kwa mwenzako. Nyuso zetu alizichanganya. Aliwahi kunishika mkono barabarani akaniuliza kama meno yangu yameacha kuuma. Meno yalikuwa ya mtoto mwingine. Alitupenda kwa wingi, kama mtu anavyopenda kuku wake.

Wingi wenyewe ulileta taabu. Karatasi zetu za matokeo zilibadilishana. Kadi za chanjo zilibadilishana. Katika mafundisho ya komunyo katekista alichoka, akatupa vyeo: Zamelina Mkubwa, Zamelina wa Fundi, Zamelina wa Viazi, Zamelina Kilio. Mimi ndiye niliyekuwa Mkubwa. Nilikuwa wa kwanza kati yetu. Aliyefuata nilimzidi wiki mbili. Hilo nililisikia tangu utotoni, na mimi ninayechunguza kila kitu sikuona sababu ya kulichunguza.

Mtu mmoja tu hakucheka nilipomwigiza Mama wa Maji ya Moto, na huyo alikuwa mama yangu. Mama anauza maharage sokoni, na kucheka anacheka, hata mambo ya kanisani. Lakini nilipovaa koti la kaka yangu kinyumenyume na kupima maji kwa kiwiko, alisema, “Acha,” akaenda kuchambua maharage uani. Walipokutana njiani alimsalimu yule mama kwa mikono miwili, kama anavyosalimiwa mkwe. Nilidhani ni deni la zile siku saba. Nilimwona mama yangu kuwa mwepesi wa kununuliwa, na Mungu anisamehe, nilimwambia.

“Ulibadilisha jina ya mutoto yako na maji, mama?”

“Umeshiba shule,” alijibu. “Kula sasa chakula.”

Kuhusu baba nilijua machache. Alikuwa mchimbaji wa Nizi, na shimo lilimwangukia nikiwa sijajifunza kutembea. “Mutu wa machimbo,” mama alisema kila nilipouliza ukoo wake, na kwetu jibu hilo linatosha, maana machimboni wanakutana watu wa kila upande na wengine hawarudi tena kwao. Sikuwa na jina la upande wake. Wala la upande wa mama sikuwa nalo. Nilikuwa na la sufuria.

Chuo kikuu nilisoma historia, na kwa kazi yangu ya kumaliza masomo nilichagua majina ya wasichana wa kartie yetu. Profesa alifurahi. Nilipata ruhusa ya kusoma vitabu vya vizazi vya materniti, kisha vya materniti nyingine mjini. Ukurasa baada ya ukurasa nilipita katika Neema, Furaha, Gracia na Plamedi, na katika materniti yetu tu, mara kwa mara, kama kunguni katika godoro, Zamelina. Mahali pengine hakuna. Niliandika kwamba jina hili halina asili, halina maana, na umaarufu wake wote unatokana na sufuria tatu. Nilijivunia sentensi hiyo. Profesa aliipigia mstari.

Ilinipasa pia kwenda Fataki kuongea na wazee kuhusu majina ya zamani. Nilipanda pikipiki. Kwenye bariere moja, kizuizi cha barabarani, vijana wenye silaha walikuwa wanasoma kadi za kupigia kura, ambazo kwetu ndizo kitambulisho. Abiria walionitangulia walipita haraka, wengine kwa tabasamu, wengine kwa matusi. Lakini kila mmoja aliposomwa jina alijulikana ni nani. Yangu kijana aliigeuza, akaisoma tena, akaigeuza.

“Zamelina. Njo nini hii?”

“Jina.”

“Ya nani?”

“Yangu.”

“Siulize kama iko yako. Ninauliza iko ya batu gani.”

“Sijui.”

“Haujue? Mutu mukubwa, umesoma, haujue kwenu?” Akaita wenzake. “Mukuje muone, huyu iko anajificha.”

Nilikalishwa juu ya gogo. Pikipiki nyingine zilipita. Sitaeleza niliyoyafikiria pale. Jua lilikuwa limefika utosini alipokuja mwenzao mwenye umri mkubwa kidogo, akachukua kadi, akaanza kucheka.

“Muache huyu apite. Muke yangu alizalaka kwa ile materniti ya Bunia. Ile kartie batoto bote ba kike banaitwa hivi. Kuna mama mumoja hapo wa maji ya moto, kichwa yake haiko muzuri.”

Wote wakacheka, nikapewa kadi. Niliondoka nikiwa na hasira kuliko hofu. Wengine wamepita kama watoto wa watu. Mimi nimepita kama kichekesho. Kabla sijafika Fataki nilikuwa nimeamua. Nitachukua jina la bibi yangu, mama wa mama. Mtu akilisikia, anajua mara moja pa kuniweka. Kama ni kupita, nipite kama mtu. Kama ni kuzuiwa, nizuiwe kwa kitu ninachokijua.

Mama sikumwambia. Nilisema moyoni kwamba nitampelekea karatasi ikiwa imekamilika, iwe zawadi: jina la mama yake limerudi nyumbani.

Karani wa tribinali alisikiliza, akaandika, akaweka kalamu chini.

“Sasa, mademwazeli, tunahitaji asili. Jina lilitoka kwa nani, lina maana gani, na huyo aliyekupa aweke kidole kwamba hapingi. Ni majina wako, ana neno la kusema.”

“Na kama asili hajui?”

“Basi aseme hajui. Lakini aseme.”

Hivyo ndivyo nilivyofika nyumbani kwake mara ya mwisho, mchana mmoja wa kiangazi. Langoni hakuwepo tena. Materniti ilikuwa imewekewa mapipa ya kupashia maji kwa jua juu ya paa, na mahali pa mbabula palikuwa na doa jeusi ukutani. Nilimkuta katika chumba chake kimoja nyuma ya soko, na kwa mara ya kwanza nilimwona amekaa. Miguu ilikuwa imevimba. Koti lilikuwa begani.

“Majina,” alisema. “Yule wa meno.”

“Siyo wa meno, mama. Ni Mkubwa.”

Akanitazama sana. “Mukubwa,” akasema polepole, akasogea ili nikae.

Nilimweleza: tribinali, karani, karatasi. Sikuzungusha. Nilimwambia jina hili limeniaibisha shuleni, limenikalisha juu ya gogo mbele ya bunduki, na kwamba maana zake nimezikusanya katika daftari na hazifanani hata mbili. Nilitaka moja tu, ya kweli, ya kuandika.

“Gogo,” alisema. “Kisha walikuacha?”

“Waliniacha. Walicheka.”

“Walicheka.” Akatikisa kichwa, na naapa alionekana mtu aliyeridhika. Nilimchukia wakati huo kuliko siku zote.

“Mama, jina lilitoka wapi?”

“Andika haina maana.”

“Haina?”

“Haina. Zile zingine nilikuwa ninaongeza tu. Bamama banapenda mutoto yao akuwe na kitu.”

“Na asili?”

“Andika iko yangu.”

Niliandika. Nikamwomba kadi yake ya kupigia kura ili ninakili namba. Alikuwa ameifunga katika pindo la kitenge. Nilipoifungua, juu ya picha yake lilikuwa jina tofauti kabisa, la kawaida, jina la wanawake wengi wa umri wake. Zamelina haikuwepo, si mbele, si nyuma. Nilicheka peke yangu.

“Hata weye hauitwe Zamelina!”

“Ninaitwa.”

“Karte inakataa.”

“Karte ni ya serikali. Siye tunaongea ya kwetu.”

“Kwa hiyo ulitupa jina isiyo yako. Batoto bote bale. Tumekuitikia majina miaka hii yote, majina ya nini? Ya nani?”

Akatazama kidude cha wino mkononi mwangu. Mara ya kwanza hakukwepa, nami nilifurahi kama mtu aliyeshinda kesi. Kisha akanyoosha mkono.

“Leta hiyo wino. Badilisha, mutoto yangu. Sasa unaweza kutoka. Biko bengi.”

Nilielewa hivi: amepata wa kumtosha, mmoja akiondoka haoni hasara. Nilifungua kile kidude cha wino. Alikuwa amekwisha kuchovya kidole gumba aliposita.

“Jina gani unachukua?”

Nikamtajia jina la bibi.

Kidole kilibaki juu ya karatasi, hakishuki. Tone la wino lilikuwa linajikusanya.

“Mama yako anajua?”

“Anajua,” nilisema.

Mimi, niliyehesabu uongo wake mmoja mmoja, nilisema hivyo bila kupepesa macho. Alinitazama kama alivyokuwa akitazama maji, akipima. Kisha akabonyeza kidole. Alama ilitoka pana, imefifia katikati, kwa sababu moto ulikuwa umekula mistari ya ngozi yake miaka mingi.

Wino haukutoka. Alisugua kwa kitenge, akasugua kwa majivu, akaniomba nimchemshie maji kidogo. Niliwasha mbabula vibaya, moshi ukajaa chumbani, akanicheka mpaka akakohoa. “Historia,” alisema, “historia, na makala inakushinda.” Nilimwekea maji katika kikombe, akachovya kidole, nikaondoka kabla hayajapoa. Nilikuwa na haraka. Tribinali ilifungwa saa tisa.

Hukumu ilichukua miezi. Ilipotoka nilikuwa Kisangani kimasomo, na Mama wa Maji ya Moto alikuwa amekwisha kuzikwa. Sikurudi kwa matanga. Nilisema nina mtihani, na kweli nilikuwa nao. Lakini pia sikutaka kupangwa mbele ya mstari wa wasichana wale wote kama kifaranga wa kwanza. Niliambiwa mstari ulitoka kanisani mpaka barabara kubwa.

Niliporudi Bunia niliweka karatasi mezani mbele ya mama, nikasimama kando nikingoja afurahi. Mama husoma polepole, kidole kikifuata mstari. Jina la mama yake alilisoma mara mbili. Akafika mahali palipoandikwa kwamba Zamelina ni jina nililopewa na muuza maji fulani, aliyelibeba kabla yangu. Kidole kikasimama.

“Hapa wameandika uongo.”

“Wapi?”

“Hapa. Hakukupa jina. Weye njo ulimupa.”

Alinieleza bila kuondoa kidole. Baba yangu alikuwa mtu wa upande ule uliokuwa ukipigana na upande wa mama. Wiki niliyozaliwa, watu mjini waliuliza kwanza jina la mtoto, mengine baadaye. Jina la upande wa baba lingetuua mikononi mwa watu wa mama. La upande wa mama lingetuua njiani kwenda kwa baba. Mama, amelala materniti, aliunga sauti moja na nyingine mpaka akapata kitu kisichofanana na cha mtu yeyote. Siku ya tatu wanawake wa chumba kile walianza kunong'ona: jina hili ni la nani, majina wa mtoto ni nani, kwa nini haonekani? Jina lisilo na mwenyewe ni la mtu anayejificha. Mmoja aliuliza kwa sauti, ili wasikie hata walio nje.

“Alikuwa ananikanda,” mama alisema. “Hatukujuana. Hakuna mutu aliyejua anaitwaka nani, ilikuwa Mama wa Maji ya Moto tu. Hakuondoa hata mikono mu tumbo yangu. Akasema: iko yangu, huyu njo majina yangu. Kisha akaniambia mu sikio, mumoja ataonekana. Kumi hawataonekana.”

Wiki mbili baadaye alizaliwa binti wa fundi cherehani, na fundi hakulipia maji. Huyo alikuwa Zamelina wa tatu wa Bunia. Wa kwanza nilikuwa mimi, mwenye umri wa siku tatu. Wa pili alikuwa Mama wa Maji ya Moto.